Saa Nilizokopa Kwenye Kiwanda cha Sweta

Shemeji yangu alisema sitaweza. Alisema hivyo kwenye Soko la Burma, Nairobi, mbele ya kilo ya mbuzi niliyoilipia mimi, mwezi ule ule niliorudi kutoka Uarabuni.

"Shemeji," aliniambia huku akichovya nyama kwenye chumvi, "ulienda huko kuosha mitambo ya baridi. Sasa unataka kuingia kiwanda cha watu uwaambie wapunguze moshi? Anza kwa kupunguza maneno."

Hakuwa peke yake. Mwenye nyumba wangu wa mtaa wa Lucky Summer alisema kiwanda hutoa moshi jinsi mtu anavyotoa jasho, na hakuna aliyewahi kumzuia mtu kutoa jasho. Pasta wetu, aliyenijua tangu nikiwa mtoto wa fundi wa reli kule Makadara, alisema ataniombea, kwa ile sauti ya kuombea mgonjwa ambaye jamaa zake wameshaanza kukutana. Nawaandikia haya, vijana wa karakana, mwezi mmoja baada ya kustaafu, ili mjue kwamba wote watatu walikosea. Pasta alikosea kidogo.

Vyeo sitavizungumzia. Vilikuja. Mshahara nao nitauacha, kwa sababu nikiutaja baadhi yenu mtaacha kazi.

Diploma nitaitaja. Niliisomea jioni, mjini Sharjah, baada ya kushinda kutwa juu ya paa nikisugua magamba ya chumvi kwenye minara ya kupozea maji. Hakuna mjomba aliyenisomesha. Diploma ya matumizi ya nishati viwandani, yenye muhuri wa rangi ya dhahabu, niliitundika nyumbani mahali ambapo mgeni akienda chooni lazima aipite, na akirudi pia.

Kwa diploma hiyo niliajiriwa kwenye kiwanda cha sweta za shule, Baba Dogo, mwendo wa kutembea kutoka kwangu. Kazi pale ilikuwa mnyororo wa vyumba vitatu. Wafumaji walifuma vipande vya sweta: kifua, mgongo, mikono. Washonaji waliviunganisha. Chumba cha pasi kilizinyoosha kwa mvuke na kuzikunja. Chumba cha kwanza kikisimama asubuhi, cha pili hukosa la kushona mchana, na cha tatu hukaa kikitazama ukuta. Shikeni hilo, kwa sababu mimi nilichukua muda mrefu kulishika.

Siku yangu ya kwanza niliingia na kamera ya joto. Ni kamera inayoonyesha kitu cha moto kwa rangi nyekundu na cha baridi kwa rangi ya buluu, na nilikuwa nimeibeba kutoka Sharjah ndani ya soksi. Injinia Wambui, mkuu wa mitambo, alinitembeza. Alikuwa na digrii, alikuwa mdogo kwangu kwa miaka mingi, na alikuwa na tabia ya kukusikiliza mpaka umalize kujiharibia. Wasimamizi wa vyumba walitufuata kuona kile chombo. Kwenye chumba cha pasi palikuwa na tangi la maji la chuma cha pua, linang'aa kama sufuria ya harusi. Niliinua kamera. Pakatokea doa kubwa jekundu.

"Hapa!" nikasema kwa sauti ya mtaalamu. "Joto linapotea hapa. Tena jingi sana."

Shikuku, msimamizi wa pasi na boila, akachungulia kwenye kioo cha kamera. "Mbona linafanana na mtu?"

"Joto huchukua umbo lolote," nikamjibu.

Nikasogea kushoto ili nimwonyeshe vizuri. Doa nalo likasogea kushoto. Mama Njeri, msimamizi wa ushonaji, akavaa miwani yake.

"Na lina kitambi," akasema.

Chuma kinachong'aa huakisi joto kama kioo kinavyoakisi sura. Hilo liko kwenye sura ya kwanza ya kitabu chochote cha kamera hizo, na nilikuwa nimelifanyia mtihani nikapata alama nzuri. Nilikuwa nimevuka bahari na kamera ya bei mbaya kuja kujigundua mwenyewe.

"Vizuri," alisema Injinia Wambui. "Chanzo cha kwanza cha joto tumekipata. Tutakizima vipi?"

Tangu siku hiyo jina langu likawa Dubai. Niliwaeleza mara nyingi kwamba Sharjah na Dubai ni miji miwili tofauti. Haikusaidia.

Injinia aliifungia kamera kabatini, akanipa ndoo ya maji ya sabuni na brashi ya kupaka rangi. Akaniambia nimngoje pale ndani watu wakienda kula. Mashine zilipozimwa na watu wakatoka na vyombo vyao vya githeri, nikasikia. Kiwanda kizima kilikuwa kikifyonya. Juu ya kichwa changu, chini ya meza, nyuma ya nguzo, kila mahali: ssss. Ilikuwa hewa ya kompresa. Mashine zetu zilitumia hewa iliyobanwa kukata nyuzi, kuinua vyuma, kusukuma vipande, na hewa hiyo ilisambazwa kwa mabomba yaliyochoka. Nje, kompresa zote mbili zilikuwa zinanguruma kwa nguvu zote, watu wote wakiwa kwenye githeri.

"Unalisikia hilo?" Injinia aliniuliza. "Huo ni umeme. Tunaununua, tunaubana, tunaupuliza nje. Ndani ya kiwanda hiki mfanyakazi anayekula stima kuliko wote ni tundu."

Nimefundishwa na watu wengi wenye lafudhi nyingi, lakini somo lililobaki kichwani ni hilo: kabla hujanunua chochote, ziba.

Wiki chache baadaye mkurugenzi alituita mkutanoni. Alikuwa mtu mpole aliyeogopwa kwa sababu ya upole wake. Alisema stima imekuwa ghali, dizeli imekuwa ghali, kuni za boila zimekuwa ghali, na majirani wamemwandikia tena kuhusu masizi kwenye nguo zao. Kisha akafika kwenye neno lenyewe. Stima ikipotea, jenereta yetu haikuweza kubeba vyumba vyote. Siku zote chumba cha kufuma ndicho kilichoachwa gizani, na siku kama hizo zilikuwa nyingi. Basi ameamua: shule zikifunguliwa Januari, atafunga chumba cha kufuma na kuagiza vipande vilivyofumwa tayari kutoka ng'ambo.

Odhiambo, msimamizi wa wafumaji, alikuwa ameketi mbele yangu. Alikuwa anatazama viganja vyake kana kwamba ameviokota mahali. Watu wa chumba chake walikuwa wamefuma pale tangu ujana wao; wengi waliishi ng'ambo ya barabara na kulipa karo kwa sweta.

Mtu mwenye busara angenyamaza. Mimi nilikuwa na diploma.

"Mkurugenzi," nikasema, "tupe mpaka shule zifunguliwe. Nitapunguza mzigo wa stima mpaka jenereta hii hii ibebe kiwanda kizima. Na moshi nitaupunguza."

Moshi hakuna aliyekuwa ameniuliza.

"Bila kununua mtambo mwingine?"

"Bila."

Akaandika kitu, akasema sawa. Nje, Injinia Wambui alinishika mkono wa shati.

"Umeahidi jambo zuri. Ungeniuliza kwanza, ningekuambia kwamba hayo mabomba hayazibwi yakiwa na hewa ndani. Lazima mashine zisimame. Na huu ni msimu wa sare, Dubai. Jumapili yenyewe tunafanya kazi. Nani atakusimamishia mashine?"

Hapo ndipo tatizo lilipokuwa, na hakuna chuo kinachofundisha jambo hili. Watu wa vyumba vyote vitatu walilipwa kwa kipande. Saa moja ya mashine kusimama haikuwa hasara ya kampuni pekee, ilikuwa unga wa mtu. Nilikuwa nataka kuwanyang'anya watu unga ili niwaokolee kazi, na nilikuwa sijawahi hata kufuma soksi.

"Usiwaombe wakupe saa," Injinia aliniambia. "Wakikupa, umekula. Waombe wakukopeshe, na useme utalipa. Halafu ulipe."

"Saa hulipwa vipi?"

"Wewe ndiye mwenye diploma."

Nilianza kwa Mama Njeri, kwa sababu nilimwogopa zaidi. Nilimkuta akikagua kola.

"Mama, naomba unikopeshe saa moja ya mstari wa kwanza."

"Ya kufanyia nini?"

"Kuziba hewa inayovuja."

"Hewa?" Akageukia washonaji wake. "Wasichana, mmesikia? Dubai anataka unga wenu akanunue hewa." Walicheka mpaka mashine zikapunguza kasi. Kisha akanitazama juu ya miwani. "Nitakukopesha. Lakini sikiliza, baba. Mimi deni silisahau, na hawa ndio mashahidi. Usipolipa, utahama Lucky Summer."

Shikuku alinikopesha kwa sharti kwamba nisilete kamera. Odhiambo ndiye aliyenishangaza. Nilidhani atanikumbatia, maana ni chumba chake nilichokuwa nakipigania. Alinitazama tu.

"Chukua," akasema. "Nakukopesha kwa sababu Januari ikifika sitakuwa na pa kuziweka hizo saa. Lakini usije kunieleza mambo ya nishati. Niambie tu ukimaliza."

Basi nikawa mdeni wa vyumba vitatu. Nilikopa saa moja hapa, nyingine pale, tena na tena, kutoka Septemba hadi mvua za mwisho wa mwaka.

Niwaeleze kuhusu matundu yenyewe, kwa sababu mtayakuta popote mtakapoenda hapa Eastlands. Niliyatafuta kwa ile brashi na sabuni: panapovuja, povu hupanda. Kila kiungo kilichovuja kilikuwa kimefungwa na mpira wa tyubu ya baiskeli, juu yake kitambaa cha sweta, juu yake mpira tena. Kila mfumaji alikuwa na bandeji yake na alijivunia. Kulikuwa na moja iliyofungwa kwa rangi za shule fulani, buluu na manjano, na fundo la tai. Nilipoikata, mwenyewe alinisusia salamu wiki nzima.

Lakini matundu ya washonaji yalinishinda akili. Kwenye mstari wa kwanza nilikuta mabomba ya plastiki, mazima, mapya kabisa, yakiwa na tundu moja dogo la duara kila baada ya meza, safi kama limepigwa na fundi. Nikayaziba yote, nikajipongeza. Siku iliyofuata mstari mzima ulikuwa umevimba kwa hasira na jasho.

"Dubai, umetuzimia feni!" mmoja alinipigia kelele.

Walikuwa wameyatoboa wenyewe, kwa sindano ya moto, ili wapulizwe shingoni. Kompresa inayoweza kuendesha karakana ilikuwa inawapepea washonaji. Nikaanza kuwaeleza gharama ya feni ile. Injinia Wambui alinipita na nyundo na patasi, akaenda kwenye madirisha yaliyokuwa yamegandishwa na rangi tangu kiwanda kijengwe, akayafungua moja baada ya jingine. Upepo wa Baba Dogo ukaingia, na harufu zake zote. Malalamiko yakaisha, isipokuwa ya harufu.

Kisha nikaligeukia boila, na hapa nawaomba msome polepole. Mvuke ukishapiga pasi hugeuka maji, na maji hayo bado ni ya moto. Sisi tulikuwa tunayamwaga mtaroni, halafu tunachoma kuni kuchemsha maji baridi ya mfereji. Nilikopa saa moja kwa Shikuku, nikaunganisha bomba la kurudisha maji yale ya moto kwenye tangi la boila. Nikafungua valvu mbele ya watu. Nilikuwa hata nimevaa shati jeupe.

Pampu ya boila ilianza kupiga kelele kama mtu anayetafuna kokoto. Baadaye ikanyamaza. Maji ya boila yakashuka, boila likajizima, pasi zote zikapoa. Saa moja niliyokopa ikawa mchana mzima.

Maji yakiwa moto sana, pampu inapojaribu kuyavuta yanageuka mvuke ndani yake, na pampu haivuti mvuke. Dawa yake ni kuinua tangi juu, ili uzito wa maji yenyewe uyasukume ndani ya pampu. Kule Sharjah kila tangi lilikuwa juu ya nguzo. Miaka yote ile nilipanda ngazi kwenda kuyasugua, nikilalamika kuhusu magoti, na sikuwahi kujiuliza ni nani aliyeyaweka huko juu na kwa nini.

Shikuku alikaa juu ya rundo la sweta zisizonyooshwa, akakunja mikono. "Nilikukopesha saa," akasema. "Umeniletea mazishi."

"Nitalipa, mzee."

"Kwa nini nisikuamini? Una diploma."

Tulijenga nguzo za chuma, tukainua tangi, na siku mbili baadaye maji ya moto yakaenda yalikotakiwa. Tukajengea kuni paa pia, maana zilikuwa zinanyeshewa kisha tunazichoma zikiwa mbichi, na moshi mzito wote ule ulikuwa mvua yetu wenyewe ikirudi mbinguni. Kuni kavu na maji ya moto: bomba la moshi likaanza kutoa kitu chembamba, cha kijivu, cha aibu. Mke wangu, ambaye kwa miaka alikuwa ameanika nguo ndani ya nyumba kwa sababu ya masizi, alianika moja nje kufanya majaribio. Alianika shati langu. Lake alibaki nalo ndani.

Kompresa ya pili tuliizima Novemba. Moja sasa ilitosha, na bili ya stima ikashuka. Lakini bili ni karatasi, na wakopeshaji wangu hawakukopesha karatasi; saa zao zingerudi tu siku ambayo stima ingepotea na mashine zisisimame. Stima haikupotea wiki hizo hata kidogo, jambo ambalo halijawahi kutokea Baba Dogo, na mimi nilikuwa mtu pekee Nairobi aliyekuwa anaiombea ipotee. Asubuhi langoni nilisalimiwa na chumba kizima: "Niaje, mdeni!" "Sasa Dubai, saa zetu ziko wapi?" Nilikutana na mshonaji mmoja kwa muuza mboga wa Lucky Summer, akamwambia muuza mboga asinipe sukuma kwa mkopo, mimi silipi. Odhiambo hakunitania. Alianza kuwaambia vijana wake watafute kazi kwingine mapema, na mmoja akaondoka kweli. Nililala vibaya.

Stima ilipotea siku ya Jumanne, Desemba, asubuhi, kazi ikiwa imepamba moto na magari ya wauza sare yamepanga foleni langoni. Taa zilizima, mashine zikalegea, na wafumaji wakafanya walichofanya siku zote: waliinuka, wakachukua chupa zao za chai, wakatoka kwenda kukaa juu ya ukuta wa nje. Hakuna aliyewaambia watoke. Walizoea.

Nilikimbilia chumba cha jenereta. Injinia Wambui alikuwa ameshaiwasha, na alikuwa ameshaingiza ushonaji, pasi na kompresa. Kidole chake kilikuwa kwenye swichi ya kufuma, iliyokuwa na utandu wa buibui.

"Uko tayari?" akaniuliza.

Nilitaka kusema jambo la kukumbukwa. Nilisema, "Subiri kidogo."

Hakusubiri. Jenereta ilizama sauti kwa ndani, kama mtu aliyetwikwa gunia. Sindano ya kipimo cha mzigo ikapanda, ikapita pale jenereta ilipokuwa ikizimikia zamani, ikatetemeka. Ikatulia chini ya mstari mwekundu. Ilibaki hapo. Mimi ndiye niliyekuwa sijatulia.

Nilitoka nje. Wafumaji walikuwa ukutani, wanamimina chai. Nyuma yao, ndani ya chumba kisicho na mtu, taa zilikuwa zinawaka na mashine zinalia.

Odhiambo aligeuka. "Nani amewasha?"

"Nimemaliza," nikamwambia. Ndilo neno pekee alilokuwa amelitaka.

Alinitazama, akaitazama milango, kisha akamwaga chai yake chini, chai ya moto, na kuwageukia watu wake. "Mnangoja nini? Ingieni!"

Stima haikurudi mchana, wala alasiri. Zamani saa kama hizo Mama Njeri angekuwa ameishiwa vipande, na Shikuku angekuwa amelala juu ya meza ya kukunjia. Siku hiyo vipande vilitiririka kutoka kufuma, vikashonwa, vikapigwa pasi, vikafungwa, vikatoka langoni, na watu wote wakalipwa kwa kila kimoja. Vyumba vyote vitatu vilipata siku nzima mahali ambapo mimi nilikuwa nimechukua saa.

Jioni mkurugenzi alipita katikati ya mashine, mikono nyuma. Alisimama kwa Odhiambo.

"Yule kijana wako aliyeondoka," alimwambia, "unaweza kumpata? Januari tutamhitaji."

Akaenda zake. Odhiambo aliinama kwenye mashine kana kwamba kuna uzi umekatika. Haukuwa umekatika.

Nilisimama kwenye mlango kati ya ushonaji na pasi, nikaegemea, nikakunja mikono. Nilikuwa na hotuba. Ilianza na Sharjah. Shikuku alikuja, akanipa mkono, akasema mchana wake ameupata, mazishi yamefutwa. Wafumaji walinyanyua vidole gumba kutoka mbali. Washonaji wakamtazama Mama Njeri, shahidi mkuu wa deni langu, wakingoja hukumu. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya leso, akaivaa tena.

"Dubai, umelipa," akasema. "Wote tumepata. Sasa toka hapo mlangoni, baba, unazuia sweta kupita."